Jicho la Kulia

Asubuhi moja Mwanakombo aliamka uso umepinda. Mdomo ulivutwa kushoto, na jicho la kulia likagoma kufumba. Tangu hapo, kila baada ya chakula cha mchana, mumewe Shaame alinawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda na kulifumba jicho lile kwa ncha ya kidole. Alilishikilia hivyo mpaka mkewe apitiwe na usingizi.

Leo aliponyoosha kidole, akakuta kope zimeshakutana.

"Umelala?" alinong'ona.

"Niko macho, mume wangu. Nimelifumba mwenyewe."

Shaame akamwinamia. "Hebu fumbua, ufumbe tena nione."

Mwanakombo akafumbua. Jicho likarudi kufumba polepole, kwa kusuasua, lakini likafumba.

"Alhamdulillahi," akasema Shaame, akitaka kuinuka. "Basi nikuache upumzike."

Mwanakombo akamshika mkono. Shukrani zilimjaa kifuani, ila midomo ilikuwa mizito bado. Akakivuta kile kidole, akakilaza juu ya kope.

"Kaa kidogo."

Akakaa. Mvua ikaanza kugonga bati. Punde Mwanakombo akasikia pumzi nzito karibu na sikio lake, na kichwa cha Shaame kikamlalia begani. Akafumbua macho yote mawili, akamtazama.