Bega la Kushoto

Anselme alikuwa ameinua pindo la gauni jeusi, akichungulia bitana. Punde tu mlinzi alikuwa amemkaripia mwanamke mmoja kwa kuisogelea mno sanamu ya kando iliyovishwa gauni. Anselme hakuambiwa neno.

"Mshenzi huyu anajua kushona," alinung'unika, na sauti yake haikuwa ya kusifu.

Clémence, mkewe, alimshusha mkono taratibu. Ndiye aliyemfunga vifungo vya koti asubuhi hiyo na kumleta kwenye jumba la makumbusho, hapo hapo Paris, kutazama magauni ya mbunifu mmoja aitwaye Lestienne. Anselme alikuja shingo upande, na kila chumba walichoingia kilimzidishia kinyongo.

Ukutani yaliandikwa maisha ya mtu huyo. Clémence alimsomea mumewe: kwamba Lestienne alizaliwa mji wa Roubaix, mama yake mfumaji kiwandani, kwamba alishuka Paris na sanduku moja, akaanza kwa kushona vifungo kwenye maduka ya wenzake, kwamba baada ya vita alifungua nyumba yake ya mitindo, akawavua wanawake ile mikanda ya kubana viuno, akawawekea mifuko kwenye magauni. Toka hapo wanawake hawakuvaa tena kama zamani, si Ufaransa wala kwingineko.

"Mifuko niliiwaza mimi," alisema Anselme. "Kaniwahi tu huyo."

Clémence akamwambia kwamba anamwamini.

Chumba cha mwisho kilikuwa na gauni moja peke yake, la hariri ya buluu. Anselme alilizunguka, akatia vidole ndani ya shingo ya gauni, akapapasa.

Bega la kushoto lilikuwa limejazwa kidogo kwa ndani. Kazi ya siri, mtu asiyejua asingeiona. Naye Clémence bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, tangu alipoanguka na baiskeli usichanani. Maisha yake yote alilificha kwa mitandio. Wa kulijua ni yule tu aliyewahi kumwona bila nguo.

Anselme alirudi mbio mbio chumba cha nyuma, mkongojo ukigonga sakafu. Akapapasa gauni jeusi. Akapapasa koti la kijani. Yote, bega la kushoto.

Akarudi kwa mkewe.

"Huyu Lestienne ulimjua?"

"Nilimjua."

"Usinifiche, Clémence. Mimi si mtoto."

Clémence alikaa kwenye benchi. Akamweleza bila kuzungukazunguka kwamba katika ujana wao alikuwa akisimama mbele ya mtu huyo mchana kutwa, yeye na pini zake mdomoni akimpimia vitambaa, na kwamba hakuna gauni aliloshona ambalo hakumvisha yeye kwanza.

Anselme aligonga mkongojo sakafuni. Kumbe mtu huyo hakumwahi kwenye mifuko tu.

"Ulimpenda?"

"Bado nampenda."

"Hata leo? Na uzee wote huu?"

"Hata leo."

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuichana ile hariri vipande vipande. Lakini alichoweza kusema kilitoka kidogo, kama cha mtu anayeomba.

"Na mimi je?"

Clémence alimshika shavu. "Wewe nimekuja nawe, mzee wangu, na nitarudi nawe nyumbani. Supu yako nimeiacha jikoni."

Hakuridhika. Alimwapisha mkewe kwamba siku watakayokutana na mwanamume huyo amwonyeshe, kwa maana ana neno la kumwambia usoni. Clémence aliitikia kwa kichwa, akageukia upande akapangusa macho.

Walipofika mlangoni, mkuu wa makumbusho alikuwa anawangoja pamoja na wafanyakazi wake wote, wamesimama kwa mstari. Mkuu huyo akainama kwa heshima mbele ya Anselme.

"Ahsante kwa kutujia, Bwana Lestienne."

Anselme aliukamata mkono wa mkewe asije akaponyoka, kisha akageuka nyuma kwa hasira amwone mwanamume huyo kwa macho yake. Nyuma yao hapakuwa na mtu.