Swali la Namba Mbili

Zamaradi aliganda ghafla mbele ya sinki, sahani mkononi, maji yakimwagika. Shaibu, mumewe, akamkimbilia. Siku hizi kila nyumba iliruhusiwa mtu mmoja tu mbele, mwenye akili zake, kwa zamu. Mwenzake alikaa nyuma, mwili ukifua na kupika bila yeye kusikia wala kuona. Aliye nyuma akiganda, ana swali. Lisipojibiwa kabla ya magharibi, anafutwa.

"Zama, mke wangu, unataka nini?" Shaibu alimpigia kelele sikioni, akamtikisa mabega. "Ndiyo! Hapana! Chochote!"

Maandishi ya ukutani hayakubadilika: Namba mbili imesimama.

Akaandika kwenye karatasi, "Niulize," akabonyeza kitufe cha namba mbili ukutani, cha kubadilishana zamu. Zamaradi akaja mbele, yeye akazama nyuma.

Shaibu alipozinduka mbele tena, mkewe alikuwa ameshaganda tena palepale kwenye sinki, na jua limeshafika kwenye paa la jirani. Chini ya neno lake palikuwa na mwandiko wa Zamaradi:

"Mume wangu, kila nikiwa mbele nakusemesha, japo najua hunisikii. Hata mboga ikiungua nakusimulia. Na wewe, huwa unanisemesha?"

Walikuwa wameishi hivyo miaka sita, na leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Shaibu kumsemesha mkewe akiwa nyuma.

Akaandika haraka, "Ndiyo, kila siku," halafu kidole kikamgandia juu ya kitufe. Uongo wake, Zamaradi alikuwa akiutambua siku zote, hata kwenye mwandiko.