Mwandiko wa Bi Kidawa

Hidaya alikuwa akimtengenezea mama yake, Bi Kidawa, tovuti ya kuuzia mikate ya kumimina. Alimwonyesha miandiko mbalimbali ya herufi kwenye kompyuta, akausifia mmoja wenye madaha kama wa kadi za harusi.

“Mzuri, mwanangu, ila siwezi kuusoma.”

Hidaya akauondoa. Mama yake alikuwa amejifunza kusoma mwaka ule ule, katika darasa la watu wazima.

“Basi chagua wewe, mama.”

Bi Kidawa aliipitia yote hadi akaufikia mmoja wa kawaida kabisa. “Huu. Hii ‘a’ ni kama tunayoandika darasani.”

Hidaya akaubadilisha ukurasa mzima. Bi Kidawa akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, na binti yake akawa anaushusha ukurasa mstari kwa mstari.