Pengo la Pili

Kadi hiyo ya RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ilikuwa ya tatu kutoka madukani Shinyanga. Kama zile mbili za awali, asubuhi iligoma kuingia: pengo lake, ule mkato wa ukingoni, halikulingana na ubao mkuu wa kompyuta ambayo Elieth alikuwa akiiunda ili awafundishe wasichana wa kijijini.

Sasa ilikuwa na pengo jingine, limechongwa kwa tupa.

"Ilikuwa kaidi tu, mwanangu," alisema baba yake, mchimba dhahabu wa zamani, vidole vimejaa vumbi la kijani la kadi. Akaichomeka mwenyewe. Ikaingia. "Haya, washa tuone!"

Elieth alitamani kulia. Kadi ilikuwa ya aina nyingine; akiwasha, ubao utaungua, na mwingine hana.

Baba alivuta kigoda, akakaa, akitabasamu.

"Umeme umekatika, Baba."

Juu yao, feni iliendelea kuzunguka.