Mkono wa Kulia

Siku hizi sauti na sura zinaghushiwa kirahisi, kwa hiyo sheria inaamini kitu kimoja tu: maneno yaliyoandikwa kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana sisi tunaoandika barua za kale kwa maigizo ya tamasha la Pate hutumia wa kushoto, zisiwe na nguvu ya sheria.

Mume wangu, Shekue, alinisimamia nikichovya kalamu ya mwanzi kwenye wino.

"Khati inatetemeka," alisema. "Bibi wa kiungwana hakuandika hivi. Tumia wa kulia, mpenzi. Ni mchezo tu."

Nikayaandika kwa wa kulia maneno ya bibi yule wa igizo: namridhia mume wangu aoe, na mkewe aje tukae nyumba moja. Shekue akaniomba nitie jina langu, Mwanahawa, ati watazamaji waguswe.

Kwenye tamasha barua haikusomwa.

Leo asubuhi mwanamke nisiyemjua alibisha hodi, sanduku mkononi. "Barua yako imeniliza, mke mwenzangu," akasema. Nyuma yake Shekue alikuwa akitazama viatu vyake.

Mchana nikampakulia Shekue wali, nikampa sahani kwa mkono wa kushoto.

"Adabu gani hii?" akauliza.

"Wa kulia si umeshauchukua?"