Aliyetahiriwa na Malaika

"Mjukuu wangu katahiriwa na malaika tumboni!" babu alijigamba mbele ya wageni. "Haya ngariba, malizia kipande kilichosalia."

Ngariba alipoinama, mtoto akakojoa. Mkojo wa vuguvugu ulitokea upande wa chini wa uume, mbali na ncha, ukamchuruzikia mama yake kiganjani.

Ngariba akaurudisha wembe mkobani. "Simkati."

"Nimekuita uje uniaibishe?"

"Mzee, tundu halipo mahali pake. Ngozi hiyo ndiyo daktari atakayotumia kumtengenezea njia ya mkojo. Nikiikata leo, kesho atamshonea ngozi gani?"

"Kwa hiyo malaika wamekosea?"

Mama akamfunga mwanawe nepi, akasimama. "Malaika usiwasingizie, baba mkwe. Tupishe mlangoni, twenda hospitali."