Malai Chini, Jamu Juu

Skonzi ya thelathini ilikuwa mkononi mwa Thirza, imeshapakwa malai, ile krimu nzito ya maziwa, na inangoja jamu, wifi yake alipoingia jikoni na kuufunga mlango.

"Niambie huo ni mzaha," Loveday alisema.

Thirza alichota jamu ya stroberi, akaiweka juu ya malai, akaipanga skonzi kwenye sinia. "Mzaha gani, wifi?"

"Tumetoka kumzika kaka yangu. Jeneza limefunikwa bendera ya Cornwall mpaka kaburini. Halafu wewe unataka watu wake wanywe chai ya msiba kwa skonzi za Devon."

Thirza alizaliwa Devon, jimbo la Uingereza lililo ng'ambo ya mto Tamar, mwendo wa nusu saa kwa gari. Huko malai hutangulia, jamu hufuata. Upande huu wa mto, Cornwall, jamu ndiyo hutangulia, na anayekosea huulizwa amelelewa na nani. Lakini kwa miaka arobaini na mmoja, tangu aolewe na Jory Tregenza, Thirza alizipaka skonzi zote mwenyewe, jikoni, na kila saa kumi alizileta mezani malai chini, jamu juu. Hakumruhusu mgeni apake yake. Wala hakula na wageni. Alisema mwenye kuandaa hula mwisho. Kijiji kilimcheka, kikamsema, hatimaye kikamzoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia.

Jory ndiye aliyehurumiwa. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha mila za Cornwall, mbeba bendera kila sikukuu ya mtakatifu wao, na nyumbani kwake analishwa namna hiyo. Alikuwa akila skonzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akitikisa kichwa. "Nifanyeje?" aliwaambia wageni. "Nimeoa Devon." Nao walimpiga piga mgongoni.

"Alivumilia mengi, maskini," Loveday alisema. "Mpaka kwangu akawa hagusi skonzi. Nampa yenye jamu chini, vile mama alivyotulea, ananiambia ameshiba. Ulishamkata hamu."

"Labda alikuwa ameshiba kweli."

"Usinifanyie utani, Thirza." Loveday alivuta kiti, lakini hakukaa. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Nisikilize. Huna mtoto. Ndugu zako huko ng'ambo wameisha. Ukibaki kijijini hapa, una sisi tu. Na mimi niko tayari, nimeshawaambia binamu zangu kwamba kila Jumapili utakula kwangu. Naomba kitu kimoja. Zikwangue hizo, upake upya. Sio kwa ajili yangu. Mpe kaka yangu siku moja tu ya kula kama watu wa kwao."

Thirza alisimama na kisu mkononi. Sebuleni vikombe viligongana, mtu akakohoa, mwingine akauliza kama chai imeiva. Thirza alifungua mdomo. Alimtazama wifi yake, gauni jeusi, leso iliyolowa mkononi. Akaufunga.

"Hii ni chai ya Jory," alisema. "Itaandaliwa kama chai ya Jory ilivyokuwa ikiandaliwa."

"Kama ulivyokuwa ukiiandaa wewe."

"Haya. Kama nilivyokuwa nikiiandaa mimi."

"Ukilitoa sinia hilo, naondoka na watu wangu. Na Jumapili usijisumbue kuja."

"Basi katafute koti lako mapema, wifi. Yale makoti yote pale ukumbini ni meusi, utaondoka na la mtu."

Alilibeba sinia kwa mikono miwili, akaufungua mlango kwa kiwiko.

Binamu Petroc, aliyekuwa mmoja wa wabeba jeneza, aliinama juu ya sinia kama mtu anayesoma tangazo.

"Hata leo, shemeji?"

"Hata leo," Thirza alisema. Alilinyanyua birika, akammiminia chai. "Maziwa?"

Petroc alikirudisha kikombe mezani kikiwa kimejaa. Nyuma yake Loveday alikuwa ameshavaa koti. Walitoka mmoja mmoja, wengine wakimpa Thirza mkono bila kumtazama, wengine hawakumpa. Walibaki mchungaji, kwa sababu ya kazi yake, na jirani bibi Hocking, ambaye hakusikia vizuri na alidhani watu wamekwenda kuangalia maua. Thirza aliwahudumia wawili hao kana kwamba nyumba imejaa. Aliwaongezea chai ya moto, aliwabadilishia visahani, alihakikisha kila mmoja amekula skonzi mbili.

"Una moyo mgumu, mama," mchungaji alimwambia mlangoni, na haikujulikana kama anamsifu.

"Ninao mmoja tu huo, mchungaji," Thirza alijibu.

Alifunga mlango, akasafisha vikombe, akakunja kitambaa cha meza. Kwenye sinia zilikuwa zimebaki skonzi ishirini na sita. Hakugusa hata moja. Alikwenda kabatini, akatoa moja isiyopakwa kitu, akaikata katikati, akapaka jamu kwanza, kisha malai juu yake, namna aliyoipenda tangu mwezi wake wa kwanza upande huu wa mto.

"Hawajajua, Jory," alisema kwa sauti ya chini, akaing'ata. "Mpaka leo wanadhani ni mimi niliyetaka malai chini."